Barua Sitini na Tatu za Mwanamkasi

Wewe uliye na kompyuta kuukuu ndani, umeifunika kitambaa kilichodariziwa kama bibi harusi, na sasa mtu amekuletea mpya na unataka kuhamisha barua pepe zako za zamani kutoka kule kuja huku: keti kwanza. Usimwite fundi. Sikiliza yaliyomfika Mwanamkasi wa Mtaa wa India, Bagamoyo, mwanamke wa darasa la saba aliyejiona ana akili kuliko waya.

Mwanamkasi alikuwa na nyumba ya wageni ya vyumba sita, aliyoachiwa na marehemu mumewe, Msabaha. Kompyuta iliingia humo mwaka elfu mbili na kumi na moja, siku ambazo wageni walikuwa wakiandika barua pepe kuuliza kama kuna chandarua na kama jogoo wa jirani anaweza kunyamazishwa. Binti yake wa pekee, Adila, alikuwa sekondari wakati huo. Ndiye aliyemfundisha mama yake kufungua barua, kusoma, kujibu na kubonyeza "tuma". Mwanamkasi alijifunza kwa kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia, na mpaka leo hajaongeza cha pili.

Sasa, lazima ujulishwe jambo moja juu yake. Mwanamkasi aliogopa kila alichokiumba Mola na vingi alivyotengeneza Mchina. Aliogopa mtungi wa gesi, pikipiki, nyoka, mafua, mtu anayecheka peke yake, na mtoto anayelala kwa tumbo. Kila mvua ikinguruma alikwenda kuchomoa waya za nyumba nzima huku anasoma Ayatul Kursiy. Watu walimcheka. Kisha katika masika ya mwaka wa kumi na saba, siku moja tu ambayo alikwenda msibani akasahau kuchomoa, radi ikapiga nguzo ya jirani, na kile kidude cha intaneti kikafa kwa moshi. Tangu hapo nani angemwambia hofu ni upuuzi?

Kidude hakikununuliwa kingine. Wageni walishahamia kwenye simu. Kompyuta ikabaki mezani, nzima lakini kiziwi, ndani yake barua elfu nne na kitu za miaka sita. Hapo ndipo Mwanamkasi alipoipatia kazi mpya, kazi ambayo fundi yeyote angeisikia angeshika kichwa.

Bibi yake mzaa mama, Mwanajuma, alikuwa na mtungi mtupu uani, nyuma ya bafu. Bibi Mwanajuma akikasirishwa hakusema. Alikwenda uani, akainama, akausemea mtungi yote yaliyomjaa, kisha akaufunika kawa na kurudi jikoni uso umenyooka. "Neno la hasira ukilimeza litakuchoma tumbo," alikuwa akiwaambia wajukuu, "ukilitema litachoma nyumba. Semea mtungi."

Mama yake Mwanamkasi hakuufuata mtungi. Siku Mwanamkasi anatolewa kwenda kwa mume, mama yake alisimama mlangoni, mbele ya watu, akamwambia Msabaha: "Nimekupa mwanangu kwa sababu wenye maana hawakuja." Msabaha akainamisha kichwa, akachukua mke wake, wakaenda kuishi Vigwaza alikokuwa na shamba. Mwaka wa pili ilipokuja mimba ya kwanza, mama mtu akatuma watu wamchukue binti yake, maana uzazi wa kwanza ni kwao mke, hilo halina mjadala pwani nzima. Msabaha akawakaribisha wajumbe, akawapa chai, akasema: "Mwambieni mama, mimi sina maana. Mke wangu atazalia kwa asiye na maana." Basi. Adila akazaliwa Vigwaza mikononi mwa jirani ambaye Mwanamkasi hakumjua hata jina la ukoo. Bibi mtu alipokuja kumwona mjukuu, mjukuu alishaota meno manne na akamlilia kama mgeni.

Mwanamkasi akaapa siku ile kwamba mkwe wake, awe nani, hatasikia neno baya kutoka mdomoni mwake. Na kiapo alikishika. Mdomo wake ulikuwa mwaminifu. Kidole ndicho hakikuapa.

Unaona tunakoelekea.

Akijaa, alikwenda kwenye ile kompyuta isiyo na waya. Alifungua ukurasa wa barua, akaandika anwani ya mtu aliyemuudhi au aliyemtia hofu, akamwaga yote, akabonyeza "tuma". Barua ikatoweka. Mara ya kwanza alihakikisha, hakuwa mjinga kiasi hicho. Alitazama kisanduku cha zilizoingia, haimo. Akatazama kisanduku cha zilizotumwa, haimo. Alhamdulillahi, imekwenda na upepo. Baina ya visanduku hivyo viwili palikuwa na cha tatu, chembamba, ambacho hakuwahi kukifungua, kwa kuwa Adila alimwambia zamani: "Mama, usiguse usichokijua." Ushauri wa pekee wa Adila ambao mama yake aliufuata maisha yake yote.

Utauliza kwa nini aliandika anwani ya kweli. Wifi yake, Ashatu, naye alimuuliza baadaye, kwa sauti ya kuvunja vigae. Jibu lake lilikuwa hili: barua isiyo na anwani ni kusema peke yako, na anayesema peke yake ni mwendawazimu.

Wengi wa waliosemewa mtungini walikuwa mtu mmoja, Adila, alipokwenda chuo Dodoma na baadaye alipopata kazi ya ualimu Msata. Lakini mwaka wa ishirini na moja akatokea Mahmoud.

Mahmoud ni mtu wa Pangani, afisa ugani, kijana mrefu mwenye sauti ya chini. Alikuja kujitambulisha siku moja kabla wazee wake hawajaleta posa. Alisalimia vizuri, alikula vizuri, aliaga vizuri. Mwanamkasi alimchekea mpaka akakunja kona. Kisha akaenda kwenye kompyuta, akachukua ile kadi ya kazi ambayo Mahmoud aliisahau mezani, yenye anwani yake chini, akaandika:

"Mahmoud. Umevua viatu mlangoni pangu ukaviacha vinatazama ndani. Watu wote huvigeuza vikatazama nje. Anayeacha viatu vikitazama ndani haondoki upesi, ana nia ya kukaa na kuhesabu vyombo vya watu. Tena wali umekula kwa kijiko. Mkono umekosa nini? Kesho ukija na wazee wako kuleta posa, usije na vile viatu."

Akabonyeza. Ikatoweka. Akalala usingizi wa mtoto.

Na baada ya hiyo zikafuata nyingine. Juu ya pikipiki: "Ukitaka kufa, mteremshe kwanza mwanangu ndiyo uendelee." Juu ya kikohozi alichokisikia kwenye simu: "Umekohoa mara tatu leo. Una nini, na kwa nini hukusema kabla ya ndoa?" Na moja, wiki ya harusi, yeye na mama yake Mahmoud walipotofautiana kuhusu nani atapika pilau, moja ambayo hata Mwanamkasi baada ya kuibonyeza aliona haya na kwenda kunawa uso: "Mama yako alikuzaa, ila kukulea aliwaachia mbuzi."

Mama yake Mahmoud alifariki mwaka jana. Mwanamkasi alikwenda Pangani, akakaa matanga siku zote tatu, akapika, akalia machozi ya kweli. Ile barua ya mbuzi hakuikumbuka hata chembe. Mtungi ulishafunikwa.

Basi, Idi iliyopita Mahmoud na Adila wakaja Bagamoyo na mfuko mweusi. Ndani yake kompyuta mpya ya kukunja, nyembamba kama sinia la maandazi. Mahmoud aliinunua mwenyewe. "Mama, ile ya zamani siku moja itakufa na barua zako zote," alisema. "Hii ni yako." Na kwa sababu Adila alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza, akaongeza jambo ambalo Mwanamkasi alikuwa hathubutu kuliuliza: "Shangazi Pangani anamtaka Adila akajifungulie kule. Nimemwambia hapana, uzazi wa kwanza ni kwao mke. Mwezi ujao nitamleta hapa, akae mpaka arobaini iishe."

Mwanamkasi aliingia jikoni, akajifungia, akasujudu juu ya gunia la mchele. Siku ya pili akakifunga chumba namba mbili, chenye dirisha la uani, akakataa wageni. Akapaka chokaa. Akashona neti ya mtoto, akaiona ina tundu dogo, akaifumua, akashona nyingine. Miaka yote alikuwa akingoja kitu kimoja: mjukuu wa kwanza azaliwe kwake, asije akamlilia kama mgeni.

Ungedhani mtu mwenye neema hiyo angekaa kimya. Yeye akaona kabla ya mtoto kuja, barua zihamishwe.

Fundi aliitwa Rehani, mtu mzima mwenye upara na miwani ya kamba, ana kibanda chake karibu na soko. Alikuja saa nne asubuhi na flashi mbili na waya, akaweka kompyuta mbili uso kwa uso mezani kama watu wanaosuluhishwa. Intaneti nyumbani ilisharudi miezi michache nyuma, hii ya hewani isiyo na waya, kwa ajili ya wageni vijana. Mwanamkasi alisimama nyuma ya fundi na tasbihi mkononi.

"Zote nihamishe, mama Adila?" Rehani aliuliza. "Kuna nyingine hapa za kuuza sabuni."

"Zote. Usiache hata punje. Hujui ipi itakuja kutakiwa."

"Kuna watu wanachagua."

"Wachague hao. Mimi nina barua za mwanangu humo tangu yuko kidato cha pili. Ukipoteza moja, Rehani, nitakusomea Ahlul Badri."

Ashatu, dada yake marehemu Msabaha, alikuwa sakafuni anachambua mchele. "Msomee kwa haraka, wifi, kabla mashine haijapata joto. Fundi mwenyewe kichwa kimeshaanza kung'aa."

Rehani akacheka, akaendelea. Ilikwenda saa nzima. Barua zilikuwa zikipita kwenye kioo kama siafu. Kisha akasimamisha kidole.

"Mama Adila, kuna sitini na tatu hapa zimekwama."

"Zimekwama!" Tasbihi ya Mwanamkasi ikasimama. Akawaza wageni walioandika miaka ile wakangoja jibu, wakamwona hana adabu. "Zimekwama tangu lini?"

"Za zamani. Nizihamishe hivyo hivyo, au nizikwamue?"

Hapa, ewe msomaji, kama kuna mahali pa kumrukia mtu na kumfunga mdomo kwa kanga, ni hapa.

"Zikwamue!" alisema Mwanamkasi. "Kitu kimekwama unaniuliza? Kikwamue!"

Rehani akabonyeza. Pembeni mwa kioo cha kompyuta mpya pakatokea mstari mdogo, na maneno: Inatuma 1 ya 63.

Mwanamkasi akavaa miwani. "Inatuma nini?"

"Zile zilizokwama. Zilikuwa zinangoja intaneti, maskini. Sasa zinakwenda."

"Zinakwenda wapi?"

"Kwa wenyewe. Zilikoandikiwa." Rehani akasogeza uso karibu na kioo. "Huyu Mahmoud ana nyingi kweli. Ishirini na..."

Hakumaliza. Mwanamkasi aliuruka mchele wa Ashatu, akafika ukutani, akachomoa waya wa umeme kwa mikono miwili kama anang'oa muhogo. Ndiyo dawa aliyoijua kwa maisha yake yote: ukiogopa kitu, chomoa. Kompyuta kuukuu ikazima. Mpya, yenye betri yake tumboni, haikupepesa hata jicho. Inatuma 9 ya 63.

"Izime!"

"Mama Adila, ukiizima katikati itaharibika, na umesema nisipoteze hata pun..."

Akainyakua. Akatoka nayo mbio, kifuani kama kitoto, akidhani kwamba akiiondoa nyumbani intaneti haitaifuata. Uani ikafika kumi na tisa. Akaingia bafuni, akafunga mlango: ishirini na sita. Akatoka, akaifunika kanga, akaona hiyo ni kuifanya isione tu, si kuizuia. Akapita mlango wa mbele, akashika Mtaa wa India na kandambili moja, huku watalii wawili waliokuwa wakipiga picha mlango wa nakshi wakimpisha njia.

"Wifi!" Ashatu alipiga kelele kutoka barazani. "Kimbilia Kaole, huko labda mtandao hakuna!"

Waifai ilimfuata mpaka kwa muuza kahawa. Alipofunua kanga, ile kompyuta ilikuwa imetulia, imeandika: Zimetumwa zote. Chini yake alama ya vema, ya kijani.

Akakaa kwenye ngazi ya watu. Akajifuta jasho kwa kanga ile ile. Kisha akampigia simu Adila, na kama kuna kosa kubwa kuliko lile la kwanza, ni hili.

"Adila, mumeo yupo?"

"Hayupo, mama, yuko Kiwangwa na wakulima wa mananasi. Mbona unahema?"

"Simu anayo?"

"Anayo."

"Mwambie asifungue."

"Asifungue nini?"

"Chochote. Hata mlango asifungue mpaka nimwambie."

Mtu akiambiwa asifungue, atafanya nini? Atafungua. Saa sita na nusu ukaingia ujumbe kwenye simu ya Mwanamkasi, kutoka kwa mkwe wake, mtu ambaye siku zote ujumbe wake ulianza na shikamoo mama na kumalizika na dua:

"Nimezisoma. Adila atakwenda Pangani kwa shangazi."

Ashatu aliusoma juu ya bega lake, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mzaha. "Ulimwandikia nini kijana wa watu?"

Mwanamkasi akamwambia. Alipofika kwenye mbuzi, Ashatu akaweka ungo chini.

"Lahaula. Wifi. Mama yake hata mwaka hajamaliza kaburini."

"Iliandikwa akiwa hai."

"Na imesomwa akiwa amekufa. Vaa buibui. Hiyo si ya simu."

Akapanda gari la Msata. Njia nzima alipanga maneno. Alitunga hotuba ya kwanza, ambayo mkosaji alikuwa Rehani. Walipovuka Ruvu akaiona ina matundu, akatunga ya pili, mkosaji kompyuta. Kiwangwa gari liliposimama, kwa mazoea ya mtu asiyekwenda kwa mtu mikono mitupu, akanunua mananasi mawili makubwa. Gari likaondoka ndipo akakumbuka kwamba miongoni mwa zile sitini na tatu kulikuwa na tano alizomwandikia Adila juu ya mjamzito kutokula nanasi. Akamgawia mama aliyekaa naye. Hotuba ya tatu, mkosaji shetani, ilikuwa nzuri kuliko zote, na alikuwa bado anaipamba alipoteremka Msata, malori yakipita kuelekea Segera, na vumbi likimwingia kinywani pamoja na ile hotuba.

Mahmoud alikuwa kibarazani, simu mkononi. Aliinuka. Adabu haikumtoka.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuongeza "mama". Mwanamkasi aliliona lile pengo kama ulimi unavyoona pahali palipong'olewa jino.

"Ishirini na mbili," Mahmoud alisema, kwa ile sauti yake ya chini. "Zote zimefika leo, kati ya saa tano na saa tano na robo. Nilikuwa mbele ya wakulima. Simu inalia, inalia, nikasema labda Adila ameshikwa na uchungu. Nikafungua." Akaishusha simu. "Nimekukosea nini leo?"

"Si za leo."

"Tarehe hii hapa. Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Soma ile ya viatu. Mwisho wake."

Akaitafuta, akasoma kwa sauti: "'Kesho ukija na wazee wako kuleta posa, usije na vile viatu.'" Akainua uso. "Posa?"

"Kwani umepeleka posa nyingine mwaka huu?" Adila alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameegemea mwimo, mkono kiunoni, tumbo mbele. Macho yake yalikuwa mekundu, haikujulikana kwa kulia au kwa kucheka.

Mahmoud hakugeuka. "Na hii ya mama yangu. Hii nayo ya zamani?"

"Ya wiki ya harusi. Alikuwa hai."

"Kwa hiyo uliiandika."

Hapo ndipo zilipokuwa zikihitajika zile hotuba tatu. Zilikuwepo, zimejipanga: fundi, kompyuta, shetani. Mwanamkasi alizitazama akaona zote tatu zinafanana, zina uso wa mwanamke anayekimbia barabarani na kandambili moja.

"Niliiandika mimi," alisema. Akainua kile kidole chake kimoja. "Kwa hiki. Fundi hana kosa. Nilidhani nasemea mtungi, nikafunika. Kumbe sikufunika, niliweka akiba."

Akakaa, bila kukaribishwa, kwenye ukingo wa kibaraza, akamweleza yote. Mtungi wa Bibi Mwanajuma. Neno la mama yake pale mlangoni. Chai ya Msabaha kwa wale wajumbe. Vigwaza, na yule jirani aliyempokea Adila, na yale meno manne. Hata Adila hakuwahi kuyasikia. Aliambiwa siku zote kwamba alizaliwa Vigwaza kwa kuwa mvua ilikata njia.

"Sikukuandikia yale kwa sababu wewe ni mbaya," Mwanamkasi alimaliza. "Sikupata baya la maana, ndiyo maana nikafika kwenye viatu. Nilikuwa naogopa. Mama yako sikuwa na haki ya kumtaja, naye alinipikia pilau ile ikawa nzuri kuliko ambayo ningepika. Nisamehe, Mahmoud. Kama Adila atakwenda Pangani, nitamfuata huko huko nikae jikoni kwa shangazi yako, niamrishwe."

Ikaadhiniwa alasiri. Mahmoud akavaa viatu, akaenda msikitini.

Adila akaja kukaa karibu na mama yake, kwa shida, kama lori linalorudi nyuma. "Zangu nimesoma zote," alisema.

"Zote?"

"Thelathini na nane. Thelathini na mbili ni nyoka."

"Msata kuna nyoka."

"Tano ni mananasi. Na moja umeandika 'Adila', basi. Hakuna kitu kingine."

Mwanamkasi aliikumbuka hiyo. Ilikuwa jioni ya siku Adila alipoolewa, nyumba imebaki kimya, masinia yameoshwa. Alikaa mbele ya kompyuta akaandika jina, akangoja maneno, hayakuja, akabonyeza.

"Hiyo ndiyo iliyoniliza," Adila alisema. "Nyingine nimecheka mpaka mtoto akapiga teke."

"Usicheke sana, utabanwa na..."

"Mama."

"Nimenyamaza."

Mahmoud alirudi. Hakupanda kibarazani. Alisimama chini, akavua kiatu cha kulia, akakigeuza, akamwonyesha mkwe wake kisigino. Kilikuwa kimepigwa soli mpya.

"Siku ile kisigino kilikuwa kimeliwa chote," alisema. "Nilikuwa sina vingine. Nikasema nikivigeuza vikatazama nje, kila aliyekaa ndani atakiona kisigino. Wewe ungekiona wa kwanza. Nikaviacha vinatazama ndani, pua zake zilikuwa nzima." Akakitazama kile kiatu. "Na kijiko ni kwa sababu nilikuwa na kidonda cha panga kidoleni. Ungeniuliza, mama, ningekwambia."

Mama. Mwanamkasi alilipokea lile neno bila kusogea, kama mtu aliyetuliwa na kipepeo.

"Ile ya mama yangu," Mahmoud aliendelea, "sijaimaliza moyoni. Sitasema uongo. Siku nyingine nitaikumbuka na nitakununia."

"Ninunie. Una haki."

"Lakini ukijaa neno, nitumie mimi. Kwa mdomo. Usiandikie vyombo."

"Hata likiwa baya?"

"Anza na lililopo sasa."

Mwanamkasi akaiweka kando miaka minne ya kuchekea. "Ile pikipiki," alisema. "Ukimleta nayo Bagamoyo na tumbo lile, nitalala mbele ya gurudumu."

"Nimeshamkodia gari," Mahmoud alisema. "Ijumaa ijayo. Kwako."

Ndivyo ilivyokwisha, na mwenye kompyuta achukue lake. Kabla ya kuhamisha, funua kila kisanduku, hata chembamba, hata ulichokatazwa na mwanao. Fundi akikuuliza kama akwamue, mwambie angoje, kavae miwani. Na ujue kwamba za watu wengine nazo zilifika: mgeni mmoja wa Arusha, aliyeacha bomba wazi mwaka wa kumi na nane akaandikiwa kwamba atanyweshwa maji yale Siku ya Hesabu, alijibu kwa kuomba chumba cha Disemba.

Ijumaa ile gari lilisimama Mtaa wa India baada ya swala. Ashatu akapiga vigelegele. Adila akaingizwa chumba namba mbili, akalazwa, akakatazwa mambo kumi na moja kabla hajavua ushungi. Mahmoud aliteremsha mabegi, akavua viatu mlangoni, na kwa kuwa sasa anajua yote, akainama akavigeuza vizuri vikatazama nje, akaingia kupiga gumzo na wageni.

Mwanamkasi alipita na sinia la chai. Akaviona. Akatazama huku, akatazama huku, hakuna mtu. Akaweka sinia chini, akavishika vile viatu, akavigeuza vikatazama ndani.